Koti la Udi

Mkitaka kunicheka nichekeni mapema, kabla sijaanza, ili nikifika pale pabaya muwe mmeshachoka. Maana mimi ndiye yule Makame aliyewaambia watu wa Harborne wateleke sufuria kwa ajili ya paa ambaye muda ule ule alikuwa amesimama kwa miguu yake minne, ananiangalia, hana habari na sufuria ya mtu. Wengine wenu mmeshakisikia kisa hiki, na kila aliyekisimulia amekitia chumvi yake (yuko anayesema nilipanda juu ya mti nikalia, si kweli, sikulia, na wala haukuwa mti). Basi leo nakisema mwenyewe, na chumvi nitatia mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, simu bado za vitufe, nami nimepanga chumba Stechford, huko Birmingham, Uingereza, karibu na reli, treni ikipita kikombe kinatetemeka juu ya sahani. Kazi yangu ilikuwa kupakia maboksi ya vigae kwenye ghala moja Digbeth. Nakwenda asubuhi, narudi jioni, nakula, nalala. Sitaficha, nilikuwa mpweke, tena upweke wa kuzungumza na birika: naliambia mbona leo unachelewa kuchemka, na likichemka naliambia ahsante. Mama yangu alifariki kwetu Makunduchi, Unguja, mwaka mmoja kabla ya haya, nikapata habari kwa simu nikiwa kazini, nikaweka chini boksi la vigae, nikakaa juu yake, kisha nikaendelea na kazi kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya. Kuzika sikwenda. Kilichonibakia kwake ni kifurushi cha udi alichonitumia kwa mkono wa mtu, na kila Ijumaa nilikuwa natia kipande kidogo kwenye chetezo, nafunika kile king'ora cha moshi cha darini kwa mfuko wa plastiki (mwenye nyumba asijue), naweka koti langu juu ya kiti, chetezo chini yake, chumba kinajaa harufu ya nyumba yetu. Koti la baridi nilikuwa nalo hilo moja tu. Liwekeni moyoni hilo koti.

Jumamosi jioni ndiyo siku niliyoisubiri wiki nzima, kwa sababu Jumamosi nilikuwa nakwenda kwa Bi Raya. Huyu ni mtu wa Unguja mjini, mumewe akifanya kazi hospitali, wamepanga nyumba kubwa kule Harborne, na kila mtu wa kwetu aliye Birmingham Jumamosi alikuwa anaishia kwenye mkeka wake. Anapika, watu wanakula, wanabishana mpaka sauti zinakauka. Nami nilikuwa na mahali pangu kwenye ule mkeka, mwisho kabisa, karibu na mlango, penye viatu. Hakuna aliyenipangia, ndipo palipokuwa pamebaki. Mtu akiingia ananipa salamu huku anavua kiatu, akitoka ananiaga huku anavaa, na katikati ya salamu hizo mbili hapana anayenikumbuka. Nikianza neno, mwingine analimaliza, na mara nyingi analimalizia pengine kabisa.

Sasa binti wa Bi Raya akajifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza, na mazungumzo yote yakawa ya arobaini: siku ya mtoto kutolewa, nani aalikwe, nini kipikwe. Wengine wanasema kuku, wengine mbuzi, mara mzee mmoja akasema kwa kutamani tu kwamba yeye tangu atoke nyumbani hajatia mdomoni nyama ya paa. Watu wakaguna. Na mimi, kule kwenye viatu, sijui ni shetani gani, nikasema kwa sauti, "Paa? Mbona hiyo kazi ndogo."

Mkeka mzima ukageuka. Bi Raya akaniuliza, wewe Makame unajua kusasa, kuwinda? Nikamjibu kwamba babu yangu alikuwa msasi Makunduchi, na hilo ni kweli tupu, waulizeni watu wa Makunduchi. Nisilolisema ni kwamba mimi mwenyewe nilifuatana na wasasi mara moja tu maishani, nikiwa nimebebeshwa kibuyu cha maji, na mbwa walipoanza kubweka nilikitupa kibuyu nikapanda juu ya mpera. Nikaendelea kwamba hapa Uingereza paa wamejaa, wakubwa kama ndama, na kazini kwetu yuko Mzungu mwenye bunduki na kibali, rafiki yangu (tulikuwa tumezungumza labda mara nne). Basi kikombe cha chai kikaja kwangu kabla ya wote. "Sogea huku, Msasi," akasema Bi Raya, akanipigia mto kwa mkono, ule mto mwekundu uliokuwa ukiegemewa na wakubwa, nikaketi katikati ya watu. Wallahi, ule mto ulikuwa laini. Usiku ule nilirudi Stechford na birika sikulisemesha.

Mzungu mwenyewe aliitwa Clive, mtu mzima, dereva wa ile mashine ya kunyanyulia mizigo, aliyefiwa na mkewe, maneno yake kwa siku yanahesabika. Alikuwa na ruhusa ya kupiga paa kwenye shamba la shemeji yake, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka mjini, kwa sababu paa walikuwa wanatafuna miche ya miti yote. Nilipomwomba nifuatane naye akasema njoo Jumamosi mchana. Lakini akanionya. Tumeingia Februari, akasema, na mwisho wa mwezi ruhusa ya kupiga majike inafungwa. Wale wajinga walishapigwa tangu Novemba, waliobaki ni wale waliosikia bunduki majira yote ya baridi wakajifunza: mchana wanalala ndani ya msitu, hawatii pua nje mpaka mwanga uishe, na mwanga ukiisha sheria inakukataza kupiga. Kwa hiyo unapata kijinafasi kidogo tu jioni, baina ya jua kuzama na giza kushika, na paa wenyewe wanaijua saa hiyo kuliko wewe.

Likabaki suala la kuchinja. Nikamwuliza Ustadhi Haji, aliyekuwa akitusalisha pale Harborne, akasema ukimkuta na roho mchinje, ukimkuta hana roho mwachie Mzungu wako. Ikawa tumegawana kazi, Clive ana bunduki na mimi nina mbio. Kisu kilikaa kwenye gari la Clive, mimi nikafanya mazoezi bustanini Stechford nikiwa nimeshika mwiko: nachuchumaa, najihesabia, natimka mpaka kwenye benchi, "Bismillahi Allahu Akbar," nachinja benchi. Siku moja ajuza mmoja mwenye mbwa akaniuliza kama kuna mtu wa nyumbani kwangu anayeweza kupigiwa simu. Nikamwambia hayupo, na huo ulikuwa ukweli.

Tulikokuwa tunakaa kuwavizia palikuwa ni juu ya dungu, dungu kabisa kama lile la kulindia kima shambani kwetu, ila la mabomba ya chuma, na ngazi yake, na ubao wa kukalia watu wawili waliobanana. Mbele yetu uwanja wa majani, kando yake msitu mweusi. Hukohoi, hujikuni, husemi. Jumamosi ya kwanza hatukuona kitu. Ya pili tuliona kivuli kikifika ukingoni mwa miti, kikasimama, kikarudi. Clive akakunja uso, akasema hajui wana nini mwaka huu. Na mimi niwaambieni jambo la ajabu, nilikuwa napapenda pale. Bega la mtu limegusana na lako, mnanyamaza pamoja, chai yake ananimiminia kwenye kifuniko cha chupa bila kuniuliza. Nilikuwa na watu wa lugha yangu Harborne na nilihitaji paa ili wanione, na huyu tusiyejuana alikuwa ananipa chai bure.

Lakini kila nikitoka dunguni Clive alikuwa ananishusha Harborne, naketi juu ya mto mwekundu, na kile kivuli kinageuka paa watatu, paa watatu wanakuwa na majina. Wamekaribia, nawaambia, wiki hii hawatoki. Mdomo huponza kichwa, na wangu ulikuwa umeshakishika kichwa kwa masikio. Habari zikaenda mpaka Leicester na Coventry kwamba arobaini ya mjukuu wa Bi Raya italiwa paa. Na arobaini ilikuwa imeangukia Jumamosi ya mwisho ya Februari, siku ile ile ya mwisho ya kuwinda, kwa hiyo mpango ukawa nimlete mzima mzima jioni ile, wanaume wamchune bustanini, apikwe, aliwe watu wakiwa wameshasali Isha.

Bi Raya peke yake ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Siku moja kabla alinipigia simu. "Makame, mwanangu," akasema, "hapa nina kuku wa watu wote kwenye friza. Niwatoe wayeyuke au nisiwatoe? Niambie kweli tu, sitakasirika."

Hapo ndipo mlango wa kutokea ulipokuwa wazi, mpana, gari linapita. Ningesema, mama, watoe kuku, na mkasa huu msingeusikia. Nikasema nitakutumia ujumbe kesho tukiwa kule kule, usiwatoe mpaka unisikie. (Maji nimeshayavulia nguo, najiambia, sina budi kuyaoga, na kumbe hata mtoni sijafika.) Usiku ule wa Ijumaa nikachukua kifurushi cha mama. Kilikuwa kimebakia vipande kiasi cha kujaza kiganja. Nilikuwa navipunja kwa miezi, kila Ijumaa kijipande cha ukucha, kwa sababu nilijua vikiisha hapana wa kunitumia vingine. Nikasema siku ya heshima yangu ndiyo hii, kesho nitasimama mbele za watu na paa, na mama awepo. Nikavitia vyote. Koti likakaa juu ya ule moshi mpaka likawa zito, kofia pia, shali pia, mpaka mwenye chumba cha pili akagonga ukuta.

Jumamosi tukapanda dunguni mapema. Siku ilikuwa nzuri, baridi kavu, upepo kidogo mgongoni. Jua likazama. Tukangoja. Na pale mwanga ulipoanza kuwa wa kijivu, wakatoka. Si kivuli, paa wenyewe, majike matano yamefuatana, wa mbele amenyoosha shingo, hatua moja, anasimama, hatua moja. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka naona aibu kwa Clive. Akainua bunduki polepole, akaiweka begani. Nikajua limekwisha. Nikaingiza mkono ndani ya koti, na kwa kidole gumba, bila kutazama, nikaandika: Tumepata. Teleka. Nikatuma. Pale bondeni mtandao ulikuwa wa kubahatisha, lakini ujumbe ule ulikwenda mbio.

Yule wa mbele akainua pua. Akaielekeza moja kwa moja kwetu, akaipandisha, akaishusha, kama mtu anayejiuliza nani amepika. Akapiga mguu chini. Akatoa mlio mmoja mfupi mkavu, na wote watano wakageuka, mikia myeupe juu, msitu ukawameza.

Clive akateremsha bunduki. Akalowesha kidole mate akakisimamisha hewani, akatazama nyuma, akatazama mbele, kisha akanigeukia mimi. (Huyu alivuta sigara miaka yote, pua yake ilikuwa imeshakufa, ndiyo maana siku zote hakunigundua.) Akaniinamia, akatia pua yake kwenye kola ya koti langu, akavuta pumzi, akavuta tena. Akaniuliza kwa upole ni nini hiki. Nikamweleza, tena kwa fahari, kwamba ni udi, kwamba kwetu mtu mwenye heshima zake hatoki bila kujifukiza, kwamba nalifukiza kila Ijumaa. Kila Ijumaa, akarudia. Na Jumamosi zile mbili pia? Nikamwambia na Jumamosi zile mbili pia. Akaanza kucheka, mtu ambaye sijawahi kumwona hata akitabasamu, akacheka mpaka dungu likatikisika na mabomba yakalia, akawa anafuta macho kwa mkono wa sweta. Amewinda shamba lile kwa miaka, akasema, akijisugua kwa majani asinukie sabuni, na leo amepandisha msikiti mzima juu ya dungu.

Mimi nilikuwa sicheki. Nilikuwa nahangaika na simu, nimeandika Bado, usiteleke, simu inaniambia ujumbe haukutumwa, naandika tena, haukutumwa. Giza likashika. Clive akatazama saa, akatoa risasi zote akazitia mfukoni, tukateremka. Na tulipowasha gari taa zikapiga uwanjani, na hapo, jamaa zangu, walikuwapo wote. Si watano, ni kundi, wametapakaa wanakula majani kwa raha zao, macho yakiwaka, wengine karibu kiasi cha kurushiwa kiatu. Nikamshika Clive mkono. Mmoja tu, nikamwambia, mmoja, watu wananingoja. Akasema, "Hapana, Makame. Saa yetu imekwisha, sasa ni yao." Hakusema kwa ukali. Akageuza gari taratibu asiwashtue.

Tulipofika barabara kubwa mtandao ukarudi, simu ikalia mfululizo. Hongera Msasi. Mashallah Msasi. Tumeshatandika plastiki bustanini. Watu wa Leicester wamefika. Ningeweza kupiga simu pale pale, saa moja nzima ilikuwa mbele yangu. Nikazisoma zote, nikazisoma tena kwa sababu hakuna aliyewahi kuniandikia maneno kama yale, kisha nikaizima simu nikaitia mfukoni.

Nilikuwa nimejipangia kwamba nitashuka kimya, nimvute Bi Raya pembeni, nimwambie. Lakini gari halijasimama sawasawa, mlango wa nyumba ukafunguka na vigelegele vikamiminika mpaka jirani Mzungu akachungulia kwa dirisha. Wanawake, wanaume, watoto, mtu ananivisha khanga shingoni, mtu anampa mkono Clive, vijana wawili wamejifunga seruni tayari kwa kubeba, Ustadhi Haji anauliza kama nilimuwahi na roho. Nafungua kinywa, hapana anayenisikia. Nikasikia nyuma yangu mlango wa gari unafunguliwa, na vigelegele vikakatika kimoja kimoja, kila mmoja kwa wakati wake, mpaka kikabaki cha bibi mmoja tu aliyekuwa nyuma haoni.

Mle ndani ya gari mlikuwa na plastiki safi, kisu ndani ya ala yake, na chupa ya chai.

Kitoto kimoja cha Leicester kikaniuliza kwa Kiingereza, mjomba, paa yuko wapi? Na Clive, aliyedhani watu wamekasirika na anataka kunitetea, maskini, akawaeleza kwa moyo mmoja kwamba si kosa langu, kwamba paa walikuja vizuri sana ila walisikia harufu ya koti. Akalishika koti langu kwa ncha ya kola akawaonyesha. Halafu wakacheka. Walicheka mpaka wakashikana, mpaka Ustadhi Haji akakaa kwenye ngazi, mtu akasema paa wa Uingereza hawajazoea kutembelewa na bwana harusi. Nilimtafuta Bi Raya kwa macho. Yeye alikuwa hacheki, alikuwa anatazama kule jikoni, kwenye pilau lake jeupe lisilo na nyama, na kuku wake wagumu kama mawe kwenye friza, na wageni wa miji mitatu. Kisha nikamsikia anamwagiza mkwewe akimbilie barabarani akanunue kuku wa kukaanga wa maboksi. Arobaini ya mjukuu wake wa kwanza ikaliwa kwa kuku wa maboksi na chipsi.

Nikasema nakwenda kunawa miguu. Nikapita jikoni, nikapita bustanini juu ya ile plastiki waliyoitandika na taa waliyoitundika na visu walivyovinoa na kuvipanga, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikashika barabara ya High Street na khanga bado shingoni. Ndani ya basi mwanamke aliyekaa kiti cha mbele yangu akanusa, akageuka, akahama. Nikasema sawa, hata wewe. Nilipofika chumbani nikalivua koti nikalitia kabatini nyuma kabisa, nikafunga.

Sasa sikilizeni aibu ya pili, ambayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Jumatatu Clive akaja kazini anang'aa. Akaniuliza mbona nilipotea, chakula kilikuwa kizuri, watu wema, wamemkalisha juu ya mto mwekundu. Akaongeza kuwa wamemwambia aje Jumamosi ijayo. Na akaenda! Akaenda ile, na iliyofuata, na zote. Mimi, mtoto wa Makunduchi, nimejifungia Stechford Jumamosi kwa Jumamosi nazungumza na birika, na Mzungu wangu yuko Harborne anakula urojo. Ikawa habari za watu wangu nazipata kwake: mtoto ameota jino, Ustadhi Haji kaumwa na mgongo, Bi Raya anauliza khofu yako ni ya nini. Na kila Jumatatu alikuwa ananiletea bakuli lililofunikwa, leo wali wa nazi, kesho samaki wa kupaka, na ujumbe wa Bi Raya ni ule ule, kwamba bakuli nilirudishe mwenyewe.

Nyinyi mnajua, kwetu bakuli la watu halirudi tupu. Unatia chochote, hata chumvi, hata maembe mawili. Na mimi nilikuwa sina cha kutia kinachotosha kumfuta yule paa. Kwa hiyo nikawa nayaosha, nayapanga juu ya dirisha, moja ndani ya jingine, mpaka mnara wa mabakuli ukazuia mwanga. Masika yakapita, joto likaja, likaondoka, majani yakadondoka. Nilikuwa najiambia wananicheka bado. Kila nikisikia kicheko ndani ya treni nadhani ni kile.

Ilipofika Novemba baridi ikanilazimisha. Nikafungua kabati, nikalitoa koti, na harufu ikanipiga usoni, udi wote ule wa mama bado ulikuwa umelala mle ndani, haujaenda popote. Nikakaa kitandani nimelikumbatia. Na hapo nililia, niongope ya nini. Kisha nikalivaa, nikayatia mabakuli kwenye mifuko miwili, matupu, nikapanda treni.

Nilisimama mlangoni kwa Bi Raya muda mrefu, mifuko mikononi, sijabonyeza kengele, natafuta maneno. Nikasikia sauti yake kutoka ndani, kule ukumbini:

"Makame huyo. Mfungulieni."

Alikuja kufungua mwenyewe. Nikamwuliza kwa kubabaika amejuaje, sijagonga. Akasema, "Koti lako limeshaingia zamani." Akaipokea mifuko, akachungulia bakuli la juu, akachungulia la chini yake.

"Matupu," akasema.

"Matupu, mama. Nisamehe."

Akajisogeza kando nipite. Ndani watu ni wale wale, wakanisalimia, mmoja akaziba pua kwa mzaha na wengine wakacheka kidogo, kisha wakarudi kwenye ubishi wao, na ndipo nikafahamu kwamba kicheko chao kiliisha usiku ule ule wa Februari na mimi ndiye niliyekichukua nikakaa nacho miezi tisa. Clive alikuwa juu ya mto mwekundu, kijiko mkononi, akaniinulia. Nikavua viatu, nikakaa pale pangu, karibu na mlango.

Bi Raya aliyekuwa anapita na sinia akasimama juu yangu. "Hapo ni pa viatu," akasema. "Toka hapo."

Nikatoka hapo. Na tangu siku hiyo nimeapa kwamba sitatangaza nyama ambayo bado inatembea, na bakuli la mtu halitalala kwangu hata nikiwa sina cha kutia ndani. Koti ninalo mpaka leo. Clive akinialika shambani, na bado ananialika, ananiambia niliache nyumbani.